Haki ya Mzazi Asiyewajua Wanawe

Mtu aliyeumia ubongo akapona mwili, lakini akili yake isirejee tena, ana haki gani juu ya wanawe, na haki hiyo yakomea wapi? Zamani swali hili lilikuwa la mafakihi na wanafalsafa, waliolijadili kwa nafasi. Siku hizi limeingia katika nyumba za Isansa, wilayani Mbozi, na mara nyingi mlango wake ni ajali ya pikipiki. Natuchukue mfano wa mkulima wa kahawa, aliyetoka asubuhi kwenda Mlowo kwa bodaboda, akagongwa na lori katika barabara kuu iendayo Tunduma, akakimbizwa Vwawa, kisha Mbeya, na mwisho Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, mwendo wa kilomita 900 hivi, ambako madaktari walimfungua fuvu wakaondoa damu iliyoganda: amerejea nyumbani na sura ile ile na sauti ile ile, ila humdhania mkewe kuwa mwizi, na binti yake yeye humwita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa.

Gharama ya upasuaji, hata ikiwa kubwa namna gani, ina siku yake ya mwisho. Ng'ombe huuzwa, jamaa huchanga, na deni hulipwa polepole. Inayoimaliza nyumba ni ile ya pili, isiyo na tarehe: nepi, dawa za kuzuia kifafa, nauli ya kliniki, sabuni, na zaidi ya hayo yote, mtu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza sharti ageuzwe kila saa 2, usiku na mchana, la sivyo hupata vidonda vya kulalia. Na yule awezaye kutembea pengine ni mzigo mkubwa zaidi, maana hutoka usiku akapotea mashambani, au hushika moto asijue kuwa unaunguza. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyokuwa Sh. 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6, na hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, hushughulikia matibabu. Ujira wa mwenye kukesha haumo. Kahawa huiva, buni zikaanza kudondoka chini ya miti, ilhali binti yuko ndani akimlisha babaye uji.

John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, katika toleo la mwaka 1694 la kitabu chake juu ya ufahamu wa binadamu, alidai kwamba mtu huendelea kuwa yule yule kwa kadiri fahamu yake inavyofika nyuma na kuyashika yaliyopita. Na mwenye kuifuata hoja hii hadi ukingoni angeweza kusema kwamba baba yule amekwisha ondoka, na kwamba aliyelala kitandani ni mwingine, asiyemdai mtu chochote. Mafakihi wa Kiislamu walilipima jambo hili kwa uangalifu zaidi. Aliyeondokewa na akili, wasema, huondokewa na taklifu: haandikiwi dhambi kwa tusi alilotukana, wala hadaiwi sala, lakini maadamu yu hai dhima yake ipo, naye humiliki, hurithi, na akiwa fakiri hustahiki masurufu kutoka kwa mwanawe mwenye uwezo. Kwa kipimo hiki, tusi la baba wa Isansa halihesabiwi, na sahani yake haipungui kwa sababu hamtambui aishikaye.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, na ambacho Wamoravia, walioijenga misheni ya Mbozi mwaka 1899, hawakihesabu miongoni mwa maandiko matakatifu, chamtaja katika sura ya 3 baba aliyepungukiwa na akili, na kumwamuru mwana amvumilie. Amri hiyo ni wazi. Lisilo wazi ni mpaka wake, na waliolikabili hilo bila haya ni marabi wawili wa karne ya 12. Musa bin Maimun, tabibu wa Misri aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwamba mwana ajitahidi kumtendea mzazi aliyerukwa na akili kwa kadiri ya hali yake, hata Mungu amrehemu. Lakini ikiwa hawezi tena kukaa naye, kwa vile maradhi yamezidi, ameruhusiwa aondoke na kuwaagiza wengine wamtunze ipasavyo. Ibrahim bin Daudi wa Posquières, kusini mwa Ufaransa, akampinga, akiuliza ni nani basi atakayeachiwa mzazi huyo iwapo mwana mwenyewe amekwenda zake.

Mimi naona wote wawili wana hujja, na ya kwamba ikhtilafu yao huamuliwa na mahali. Penye watunzaji wa kuajiriwa, na fedha ya kuwalipa, ruhusa ya yule wa Misri ni rehema. Katika nyumba ya mkulima wa Isansa fedha hiyo haipo, kwa hiyo swali la Posquières ndilo linalosimama, nalo humwelemea mtu mmoja, aghalabu mke au binti, ambaye husifiwa kwa subira na wale wale wasiokuja kumpokea hata usiku mmoja. Kuchoka kwake si dhambi. Dhambi, kama ipo, ni ya jamaa na majirani waliomwacha pasipo hao wengine wa kuagizwa.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakapata udhuru wa kutowasaidia wazazi. Kemeo hilo nalisoma na upande wa pili: usharika unaopokea fungu la kumi la kahawa ya nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, kisha ukamrudishia yule binti mahubiri juu ya uvumilivu, unakula korbani. Wazee wa kanisa na masheikh wa Mbozi, nanyi wenyeviti wa vitongoji, mnaopanga zamu ya kufagia nyumba ya ibada na zamu ya sungusungu, pangeni pia zamu ya kukesha na mgonjwa, usiku mmoja kwa kila nyumba, na siku mbili za kuwachumia jamaa zake kahawa kila msimu.