Uchafu na Madhara: Swali la Maadili katika Muziki wa Eastlands

Wimbo unapoitwa mchafu, swali la kwanza linalopaswa kuzuka ni kigezo gani kimetumika kuupima. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea muziki wa vijana wa mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Historia ya samba yaweza kutoa mwanga. Ngoma hiyo ilichipuka miongoni mwa Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Ilikulia Bahia, kisha ikastawi Rio de Janeiro katika nyumba za wanawake Weusi kama vile Tia Ciata. Mwanzoni mwa karne ya 20 polisi waliwaandama wachezaji wake kana kwamba ni wazururaji. Kufikia miaka ya 1930, serikali ya Getúlio Vargas ilikuwa ikiikumbatia kama nembo ya taifa. Viuno vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni jicho la mtazamaji.

Eastlands nayo ina kisa chake. Mapema miaka ya 2000, genge ilistawi katika studio ya Calif Records, mtaani California. Mwaka 2018 kundi la Ethic, kutoka Umoja, lilitoa "Lamba Lolo", na mkondo wa gengetone ukashika kasi. Mwaka uliofuata, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilitangaza kuwa "Wamlambez" wa kundi la Sailors ni wimbo wa vilabuni na kwenye baa tu. Hata hivyo, fumbo la mapenzi si geni katika Kiswahili. Taarab na chakacha zimelitumia kwa vizazi, na wahakiki wamelisifu kama ufundi. Iwapo fumbo ni ufundi Mombasa na ni matusi Umoja kwa kuwa tu limevikwa Sheng, basi kinachohukumiwa ni nasaba ya msemaji, wala si kazi yake.

Lakini hoja hii ina mpaka. Mwishoni mwa 2019, "Tarimbo" ya Ethic ililalamikiwa kwa kutukuza ukatili wa kingono dhidi ya wanawake, na kundi likaomba radhi. Hapa asili ya msanii haiwezi kuwa kinga, kwani mwanamke anayedhalilishwa naye ni mkaazi wa mitaa iyo hiyo. Mhakiki anayemsamehe msanii kwa sababu ya umaskini wake hatofautiani sana na yule anayemlaani kwa sababu hiyo: wote wawili hawajausikiliza wimbo.

Kigezo cha haki, basi, si iwapo wimbo umeutaja mwili, bali umemweka wapi mwenye mwili huo. Upo wimbo unaomwalika mtu uwanjani, naye akaweza kuitika au kukataa. Na upo unaomnyang'anya nafasi ya kukataa. Wa kwanza waweza kuwa mchafu masikioni mwa wengi bila kumdhuru yeyote. Wa pili hudhuru, hata ukiimbwa kwa Kiswahili sanifu.