Bata Anayechechemea na Haki Yake ya Kutibiwa

Unyayo wa bata ni laini, umeumbwa kwa ajili ya maji na nyasi. Usa River, chini ya Mlima Meru, maji hayo yapo, kwa kuwa mto na mifereji huteremka kutoka mlimani. Bata anayefungiwa uani haufikii mto. Hutembea juu ya saruji, kokoto na udongo uliokauka, na masika ikiingia, kati ya Machi na Mei, hushinda kwenye matope yaliyochanganyika na kinyesi. Ngozi ya unyayo hulegea kwa unyevu, huchubuka kwa mawe, kisha bakteria huingia kwenye mchubuko. Akilishwa pumba na mahindi mpaka akanenepa, uzito nao huongeza mkandamizo. Hivyo ndivyo jipu la unyayo linavyoanza.

Gharama ya kulitibu huweza kuzidi bei ya bata mwenyewe sokoni, na hapo ndipo swali la maadili linapozuka: je, mwenye bata ana wajibu wowote, au huruma yake ni hisani tu?

Immanuel Kant alifundisha kwamba mtu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Amtendee wema kwa kuwa anayezoea ukatili kwa wanyama ataufikisha kwa watu. Jeremy Bentham, katika kitabu alichokitoa mwaka 1789, aliuweka mzigo penginepo, kwenye uwezo wa kiumbe kuhisi maumivu. Dini zilikwisha kulisema jambo hili kabla yao. Sura ya 12 ya Mithali huhesabu kuijali mifugo kuwa sehemu ya uadilifu, na Hadithi husimulia mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Hoja hizi zote zina uzito, lakini kwa bata wa uani kuna iliyo karibu zaidi. Mwenye nyumba ndiye aliyemtenga na maji, akachagua sakafu na kukadiria chakula. Kidonda ni tunda la maamuzi hayo. Anayemtibu analipa deni, na deni halipimwi kwa bei ya mdai sokoni.

Deni hilo huanza kabla ya dawa, kwenye kukagua. Ndege ni windo la wengi, na asili imemfunza kuficha udhaifu. Bata huendelea kula na kufuata kundi huku unyayo ukioza. René Descartes aliwafananisha wanyama na mashine, na ukimya wa namna hii unaweza kumdanganya mtu akamwamini. Anayetazama kwa utulivu huona mengine: bata anayehamisha uzito mguu hadi mguu, anayekaa muda mrefu kuliko wenzake, anayebaki nyuma wakienda kunywa. Asiyetazama hawezi kujitetea kwamba hakujua.

Bata hukamatwa kwa mikono miwili, mabawa yakibanwa mwilini taratibu, bila kuvutwa mguu wala shingo. Unyayo huoshwa kwanza, kisha hutazamwa katikati, kati ya vidole, kwenye utando na kwenye kifundo. Doa jeusi gumu, joto na uvimbe ni dalili za jipu. Kwa vifaranga, miguu inayopinda bila kidonda huelekeza kwenye upungufu wa niasini, vitamini ambayo bata huihitaji zaidi kuliko kuku. Kifaranga huyo hutibiwa kwa chakula, na hamira ya pombe ni chanzo kizuri.

Jipu changa huloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hukaushwa, hupakwa ayodini na kufungwa bandeji safi, huku bata akilala juu ya maranda makavu. Lililokomaa ni la daktari wa mifugo. Usaha wa ndege haumiminiki, hugeuka donge gumu, na kulichokoa kwa wembe bila ganzi ni kuongeza mateso kwa jina la tiba. Likiachwa, maambukizi hufika kwenye kano na mfupa. Na tiba yoyote itakuwa bure ikiwa sakafu iliyojeruhi haijabadilishwa.

Ipo miguu isiyopona. Albert Schweitzer, mwanateolojia wa Kilutheri aliyeanzisha hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, alifundisha heshima kwa uhai wote, na alikubali kwamba kuua huweza kuwa lazima, mradi ulazima huo upimwe kwa dhati kila mara. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza mateso yasiyo ya lazima, na kumwacha bata akijiburuta kwa sababu mwenyewe hana moyo wa kuamua ni mateso ya aina hiyo. Mafundisho ya Mtume Muhammad kuhusu kuchinja yanaagiza kisu kinolewe na mnyama apunguziwe taabu. Ila bata aliyepewa antibiotiki haliwi, wala mayai yake, mpaka muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye dawa upite. Akichinjwa kabla ya hapo ili apumzishwe, hufukiwa.