Ua Lisilo na Mgeni

Karibu kila mtu ninayemfahamu anayetunza okidi za porini nyumbani kwake ana neno moja la kujitetea: nimeiokoa. Tawi lilianguka, mti ulikatwa, shamba lilichomwa moto. Yeye alipita, akaokota. Nami nalitumia neno hilo. Okidi yangu, ambayo majani yake yote ukiyakusanya yanaenea kwenye kiganja cha mtoto, ilitoka kwenye mzeituni pori ulioangushwa na upepo mpakani mwa shamba la ukoo wetu, huku Mbulu. Mti ulikuwa unasubiri kuwa kuni. Ruhusa niliiomba kwa baba mdogo, mwenye shamba, naye akacheka: "Chukua majani yako, kuni niachie."

Kwa hiyo sina kesi ya wizi. Ingekuwa wilaya jirani, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Hanang, mambo yangekuwa mengine, maana huko huingii ukatoka na mmea bila kibali, hata kama umeukuta chini. Kinachonisumbua ni swali jingine: nimeokoa nini hasa?

Watu wengi wakiona mmea umeota juu ya mti husema unaunyonya. Okidi hainyonyi. Ni mpangaji asiyegusa chungu cha mwenye nyumba. Anachotaka ni mahali pa kushika tu. Maji huyapata kwenye mvua na ukungu, chakula hukipata kwenye vumbi na majani yaliyooza ndani ya nyufa za gome. Mizizi yake imevikwa ngozi kama sifongo. Ikikauka ni ya kijivu chenye kung'aa. Ukiinyunyizia maji inageuka kijani mbele ya macho yako. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aipende kazi hii.

Na ukiielewa mizizi hiyo umeelewa nusu ya utunzaji. Okidi ndogo namna hii usiipande kwenye udongo, itaoza. Yangu niliifunga kwa vipande vya soksi kuukuu juu ya gome lilelile la mzeituni, nikaitundika karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Nilitumia maji ya mvua tu, kwa kunyunyizia, tena asubuhi ili jioni iwe imekauka. Kuanzia Juni hadi Agosti, Mbulu inapokuwa na ule ubaridi mkavu, nilipunguza maji mpaka mama akadhani nimeichoka. Mvua ziliporudi, kikonyo chembamba kama sindano kilichomoza chini ya jani. Baada ya majuma kadhaa nilihesabu maua sita meupe, kila moja likienea juu ya ukucha wa kidole gumba.

Nilifurahi kupita kiasi. Sisi watunzaji huliona ua kama cheti: mmea umechanua, basi una raha. Nadhani hapo ndipo utetezi wetu unapolegea.

Okidi hii ni ya jenasi ya Mystacidium. Nyuma ya kila ua kuna mkia, mrija mwembamba ulioziba mwishoni, na nekta imewekwa kule ndani kabisa. Maua meupe yenye mrija wa namna hiyo huwasubiri nondo, wale jamaa wa vipepeo wanaoruka usiku, wenye ulimi mrefu. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika juu ya okidi ya Madagaska yenye mkia wa karibu sentimita 30, akasema lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Alifariki mwaka 1882 bila kumwona. Nondo mwenyewe alikuja kuelezwa na wanasayansi mwaka 1903. Ua lilitosha kuwa ushahidi kwamba kuna mtu linayemsubiri.

Sasa hili langu liko chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi. Giza linaingia, ua linaita. Anayefika ni mimi, na miwani yangu na daftari.

Kuchanua ni kazi ya mmea, tena kazi ya gharama, na kazi hiyo ina shabaha. Kifuko kimoja cha okidi hubeba maelfu ya mbegu laini kama vumbi, zisizo na akiba yoyote ya chakula. Porini mbegu haichipui mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha, jambo ambalo Mfaransa Noël Bernard aliligundua mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa, juu ya jeli yenye sukari, bila kuvu. Mimi maabara sina. Ukoo wa okidi yangu unaishia kwenye kipande cha gome.

Hebu tulipime basi lile neno. Kama tunachodaiwa ni wema kwa kiumbe mmoja mmoja, okidi haina maumivu ninayoyajua wala hofu ya kufa; sikumwondolea mtu mateso pale kwenye kuni. Kama tunachodaiwa ni kuiendeleza aina yake, basi mmea usio na mgeni wala mbegu hauiendelezi. Kwa mizani yoyote, nilichookoa ni nafasi yangu ya kuutazama. Sisemi hilo ni dogo. Nisingeutazama karibu hivyo, nisingejua hata kwamba una mkia. Lakini tusiliite jina lisilo lake.

Wapo wanaojibu kwamba anayependa ua nyumbani ataupenda na msitu. Ningependa iwe hivyo. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara. Leo jamaa za Saintpaulia hiyo zimejaa madirishani Ulaya na Marekani, wakati kule zilikotoka baadhi ziko hatarini kutoweka kwa sababu misitu inapungua. Mapenzi yale hayakupanda mlima kurudi.

Na wapo wanaofanya tofauti kubwa kati yetu na wachimbaji wa chikanda, wale wa Nyanda za Juu Kusini wanaochimba viazi vya okidi za ardhini kwa ajili ya walaji wa Zambia. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huita Bustani ya Mungu, iliwekwa kwa sehemu kwa sababu ya biashara hiyo. Ni kweli mchimbaji hung'oa nyingi, nami nimeokota moja. Ila yeye ananunua sare ya mtoto, na hajawahi kusema anaokoa kitu. Kwa ukweli wa maneno amenizidi.

Jamaa mmoja aliona picha ya maua yale kwenye simu yangu. Aliuliza bei. Nikamwambia haiuzwi. Akatulia kidogo, kisha akauliza: "Zipo wapi nyingine?" Okidi zote zimo kwenye mkataba wa CITES na haziuzwi nje ya nchi bila kibali, lakini mkataba haukai kwenye njia ya msituni kumsubiri mtu na gunia. Ndiyo maana humu sijataja kijiji chetu, wala jina la pili la okidi hii. Uzuri ukishaonyeshwa unapata bei, na kitu kidogo kiasi hiki kinga yake ilikuwa kutoonekana.

Mwezi Novemba niliitoa nje pamoja na gome lake, nikaifunga kwenye mparachichi nyuma ya jiko, upande usiopigwa na jua la mchana. Maua mawili yalikuwa hayajanyauka. Mama alisimama mlangoni na ungo wake, akauliza mbona naitupa nje baada ya kuilea mwaka mzima. Nikamweleza habari za nondo. Alisikiliza mpaka mwisho, akautazama mti, akasema: "Mwanangu, mbuzi wanafika hapo."

Nikaenda kuazima ngazi.