Kosa la Mchezaji ni la Nani?

Liko swali moja ambalo vijana wetu hubishana juu yake kila siku ya mchezo, tangu Ipinda mpaka Matema, nalo lastahili kupimwa na watu wazima pia. Mchezaji wa mpira akitenda kosa, kosa lile ni lake peke yake, au ni la klabu yake? Wengine husema, "Mchezaji ana akili zake, na auchukue mzigo wake." Wengine hujibu, "Mchezaji ni mtumishi tu, hufanya aliloagizwa." Twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli, na mwenye kushika nusu hudhani ameshika yote.

Tutwae jambo lililotokea katika nchi yetu, tusije tukabishana juu ya kivuli. Mwezi wa Februari 2016 michezo ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza ilichezwa. Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na wingi wa magoli ndio uliokuwa mizani. Siku ile Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa magoli 8 kwa 0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro magoli 7 kwa 0. Watu wakashangaa. Mwezi wa Aprili kamati ya nidhamu ya Shirikisho la Mpira wa Miguu ikaamua kwamba matokeo yale yalipangwa. Timu zote nne zikashushwa madaraja, na viongozi, waamuzi na wachezaji kadha wa kadha wakafungiwa, wengine kwa miaka 10. Nafasi ya kupanda ikapewa Mbao FC ya Mwanza.

Basi, angalieni namna hukumu ile ilivyokwenda pande mbili. Iliwashika watu kwa majina yao, tena ikazishika klabu. Je, ilikuwa haki?

Labda mtu atasema: "Katika timu zile walikuwamo vijana wasiojua lolote. Mbona nao walishushwa?" Neno hili ni zito, wala hatulidharau. Walakini yatupasa kutofautisha hatia na hasara. Hatia ni ya aliyetenda, wala haiwezi kugawanywa kama mchele katika vibaba. Kijana asiyejua hakuhesabiwa hatia. Jina lake halikuandikwa katika orodha ya waliofungiwa. Hasara, lakini, huwafikia wote walio katika chombo kimoja. Mtumbwi ukitobolewa na mmoja katikati ya Ziwa Nyasa, maji hayaulizi ni nani aliyetoboa. Tena kama klabu isingalipoteza kitu, kila klabu ingaliweza kuchuma faida ya udanganyifu, kisha kumtoa mtu mmoja mdogo awe sadaka, nayo ikabaki na cheo chake.

Sasa tuugeukie upande wa pili, maana huko ndiko vijana wetu hupotea. Mchezaji husema, "Niliamriwa na wakubwa. Ningekataa, ningepoteza nafasi na mshahara." Twajua kwamba si jambo jepesi. Kijana aliyetoka katika mashamba ya kakao na mpunga, ambaye nyumbani humtazamia ada ya shule ya wadogo zake, huwa na hofu ya kweli. Hofu hiyo hupunguza ukali wa hukumu, lakini haiondoi tendo. Mguu ulioacha kukimbia ulikuwa mguu wake. Mkono ulioacha mpira upite ulikuwa mkono wake. Aliyeamuru anastahili lawama kubwa zaidi, na hata hivyo aliyetii hakosi lake. Lawama si shuka moja, hata akijifunika mmoja mwingine abaki uchi. Kila mmoja ana yake.

Lakini mbona kijana hukubali? Hapo ndipo tunapofika kwenye desturi ya klabu. Hapo zamani wavulana wa Kinyakyusa, walipofika umri wa miaka kumi hivi, walitoka nyumbani mwa baba zao wakajenga kijiji chao pamoja na watu wa rika lao. Walikula pamoja, wakajifunza adabu wao kwa wao; na maisha hayo ya ushirika mwema wazee waliyaita ukwangala. Katika vijiji vile manung'uniko ya majirani yaliogopwa sana, hata watu waliamini kwamba yaweza kumletea mkosaji ugonjwa. Hatusemi turudishe imani ile. Twasema hivi: wenzake ndio waliokuwa walinzi wake wa kwanza, na kumpenda mwenzao hakukuwa na maana ya kumfichia ubaya.

Klabu nayo ni kijiji cha rika. Kijana huingia akiwa na miaka 17 au 18, hujifunza yale anayoyaona. Akiona mshahara hulipwa kwa siku yake, na mchezaji mkubwa akichelewa mazoezini huonywa sawasawa na mdogo, basi neno la haki lina nguvu kwake. Akiona ahadi za viongozi huvunjwa, na mfungaji hodari husamehewa kila ulevi kwa kuwa huleta magoli, hujifunza kwamba sheria ni ya wanyonge. Siku atakapoletewa bahasha, atakuwa amekwisha kufundishwa jibu.

Wala adhabu si mwisho wa njia. Mbao FC, iliyopanda mwaka ule, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017, ikaisumbua Simba mpaka dakika za nyongeza, ndipo ikafungwa 2 kwa 1. Na Geita Gold yenyewe, baada ya kushushwa, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa magoli 17. Mlango uliofungwa kwa hila ulifunguliwa kwa kazi.

Basi sisi tusio na klabu kubwa hapa Kyela tusidhani kwamba neno hili ni la watu wa mbali. Wachezaji wa Ligi Kuu huanzia katika viwanja vya vijiji. Mwalimu anayedanganya umri wa kijana ili timu yake ishinde kombe la kata, amekwisha kumpa somo la kwanza la kuuza mchezo. Mzee anayecheka akiona refa ametishwa, amelitia somo hilo muhuri. Kijana atajibu kwa tendo lake, nasi tutajibu kwa kijiji tulichomjengea.