Duka ni Lako, Mizani ni ya Allah



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tutamaliza chuo na kufungua biashara, maana ajira ni chache. Basi tujiulize mapema: mwenye duka ana haki ya kumkataa amtakaye kwa kuwa duka ni lake?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeyataja mambo yote mawili. Ibara ya 40 inampa kila mtu haki ya kufanya biashara halali. Ibara ya 21 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, rangi, kabila, dini, ulemavu na mengineyo. Mgongano unaanza pale mwenye mali anaposema, "Mali yangu, uamuzi wangu."

Hoja hiyo ilifika mahakamani Marekani mwaka 1964, ilipopitishwa Sheria ya Haki za Kiraia. Mwenye hoteli mmoja mjini Atlanta hakutaka kuwapangisha vyumba watu weusi, akadai kuwa sheria inamnyang'anya uhuru wa kuchagua wateja. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilimkatalia, majaji wote kwa kauli moja.

Sasa zingatieni. Sheria hiyohiyo inakataza pia ubaguzi wa dini katika ajira. Mwaka 2008 binti wa Kiislamu mjini Tulsa aliomba kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch, akanyimwa kwa ajili ya mtandio wake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwa upande wake. Waislamu wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini sheria iliyomlinda dada yetu ndiyo iliyomfungulia mtu mweusi mlango wa hoteli. Hatuwezi kuitaka kwa ajili ya hijabu na kuichukia inapomlinda mwingine.

Nasema haya nikianza na nafsi yangu. Likizo iliyopita nilishika duka la baba mdogo. Akaja kijana kuuliza kazi ya kubeba mizigo, shingoni amevaa rozari. Nikamwambia nafasi imeshapata mtu. Tangazo lilikuwa bado limebandikwa mlangoni, na aliliona. Akasema asante, akaondoka. Wiki ileile dada yangu alirudi nyumbani analia, kanyimwa kazi ya mapokezi kwa kuwa hakukubali kuvua hijabu. Nikawaita waliomkataa madhalimu. Usiku ule nilitambua kuwa jina hilo ni langu pia.

Mtu atauliza: je, tulazimishwe kuuza haramu? Hapana. Biashara katika Uislamu ni kuridhiana, kama tunavyofundishwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 29. Muislamu hauzi pombe wala nguruwe. Lakini hapo anakataa bidhaa, na anaikataa kwa kila mteja, hata Muislamu mwenzake. Kumkataa mtu kwa kabila au dini yake ni jambo jingine kabisa. Mtume wetu (s.a.w.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa deni la shayiri, kama alivyopokea Imam Bukhari. Hakuona dini ya yule bwana kuwa kizuizi cha kununua kwake.

Surat Al-Mutaffifin inawaonya wale ambao wakipimiwa hutaka kipimo kamili, na wakipima wao hupunja. Tumezoea kuisoma kwa habari ya mchele na sukari. Haki nayo hupimwa. Anayeidai yote kwa watu na kuwapunja wengine, aogope aya hizo.

Kwa hiyo, kabla ya kusema "hapana" dukani, jiulize: ninakataa bidhaa, au ninakataa mtu? Na huyu angekuwa dada yangu, ningeliitaje tendo hili?

Dhuluma dhidi ya mja haifutwi kwa istighfari pekee. Sharti umridhishe uliyemdhulumu. Yule kijana nimemtafuta sokoni mara mbili, sijampata. Tangazo nimelibandua. Bado namtafuta.

Allah atujaalie kuwa waadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.