Ramadhani 18: Nusu Iliyosamehewa



Juzi baada ya tarawehe nilipata ujumbe wa sauti kutoka Ohio, Marekani. Ni kijana niliyemsomesha madrasa hapa Tanga, sasa yuko kule anafanya kazi ghalani. "Ustadh, nadaiwa dola 14,000 za kadi ya mkopo. Mke aliugua, kazini wakanipunguzia saa, tukawa tunakula kwa kadi. Kampuni inakubali nilipe nusu yaishe. Rafiki yangu anasema niende tu mahakamani nitangaze nimefilisika, nisilipe kitu. Nifanye lipi?"

Nilimjibu haraka: deni ni deni, lipa lote. Nikamkumbusha yule maiti ambaye Mtume (s.a.w.) hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lake. Hadithi ni sahihi, lakini usingizi haukuja. Nilikuwa nimempa upande mmoja tu wa dini.

Upande wa pili ni huu. Ka'ab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad msikitini, sauti zikapanda. Mtume (s.a.w.) akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Ka'ab apunguze nusu. Ka'ab akakubali. Kisha mdaiwa akaambiwa ainuke alipe. Basi mapatano ya nusu si wizi, maadamu mwenye haki ameridhia. Ila ridhaa inataka ukweli. Ukisema "sina" na huku akiba umeificha kwa shemeji, hapo hujasamehewa, umelaghai.

Na kufilisika je? Zama za Mtume (s.a.w.) mtu alinunua matunda, yakaharibika, madeni yakamwelemea. Watu wakahimizwa wamtolee sadaka, haikutosha. Wadai wakaambiwa wachukue kilichopo, hawana zaidi. Kwa hiyo dini yetu inajua kwamba mtu anaweza kuishiwa kweli. Kule Marekani, mahakama inaweza kufuta madeni ya kadi, lakini unataja mali zako zote chini ya kiapo, na rekodi yake inaweza kukaa miaka 10. Ipo pia njia ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 mpaka 5.

Mtu atasema: hao ni matajiri wa riba, niwahurumie ya nini? Riba ni dhambi, kwa anayeila na anayeitoa. Lakini unga na dawa ulivyochukua kwa ile kadi umeshavitumia. Mahakama inamzuia mdai asikufuate, haimlazimishi moyo wake uridhike. Ndiyo maana mimi naona aliyefutiwa deni na mahakama, Mungu akimfungulia baadaye, arudishe ile asili aliyokopa. Sheria ya kule haimkatazi kulipa kwa hiari.

Nikampigia tena, nikamwomba radhi. Nikamuuliza, "Hiyo nusu unaiweza bila kugusa kodi ya nyumba na chakula cha watoto?" Akasema ana 5,000, na kaka yake atamwongezea 2,000. Nikamwambia, basi chukua mapatano. Wakuandikie kabla hujatoa hata senti, na uulize mambo ya kodi, maana kiasi ulichosamehewa serikali inaweza kukihesabu kama kipato. Ungekuwa huna kabisa, ningekwambia nenda mahakamani, sema kweli yote, wala usione haya.

Akalia. Akasema miezi mitatu hajaingia msikitini kwa aibu.

Ndugu zangu, hapo tujiulize sisi. Suratut-Tawba aya ya 60 imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Tunapotoa zaka mwezi huu, tunawatafuta, au tunangoja waje kuomba?

Kazi ya leo: unayedaiwa, mpigie mdai wako kabla ya futari, mwambie ukweli. Unayedai, mwenzio akiwa hana, mpe muda. Ukiweza kumsamehe, ni bora zaidi kwako.

Allah atulipie madeni yetu na azilainishe nyoyo za tunaowadai na wanaotudai. Aamin.