Je, Yafaa Anayeanza Aunde Gari la Mbio?



Jumapili moja baada ya Misa alitufuata nyumbani kijana mmoja wa hapa kwetu Soweto, Mbeya. Baba yake tulimfundisha zamani, ndiyo maana yeye hutuita babu. Alituamkia, akaketi barazani, akanywa chai yote bila kusema neno, hata tukadhani amekuja kutafuta mshenga. Mwisho akatoa simu yake akatuonyesha picha. Lilikuwa gari lisilo na paa wala milango, magurudumu ya nyuma makubwa kupita ya mbele, na injini imekaa wazi bila kifuniko. "Babu," akasema, "hili nataka niliunde mwenyewe."

Wamarekani huliita gari la namna hiyo hotirodi. Asili yake ni gari la kizamani lililovuliwa kila kisichohitajika ili liwe jepesi, kisha likatiwa injini yenye nguvu kuliko ile liliyotoka nayo kiwandani. Siku hizi mtu hahitaji hata hilo gari la kizamani. Yapo makampuni yanayouza chesisi mpya, yaani ule uti wa chuma unaobeba gari zima, ama ikiwa imekwisha kuunganishwa, ama ikiwa vipande vilivyokatwa kwa kipimo ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe kwa kuchomelea. Kijana wetu alikuwa amekwisha kuona kwamba kuagiza ng'ambo hakuwezekani, kwani nauli ya meli na ushuru vingeimeza akiba yake yote. Lakini alikuwa amempata fundi hapa mjini aliyekubali kumkatia vipande kwa kufuata mchoro. Injini angeitoa katika gari lililopata ajali. Alichotaka kwetu ni saini. Anazo shilingi milioni tatu katika chama cha kuweka na kukopa, anataka kukopa nyingine nne, na chama kinadai mdhamini.

"Umewahi kuchomelea?" tulimwuliza.

"Bado, babu. Ila nimeangalia sana."

Yeye huuza vipuri vya pikipiki. Majina ya vyuma anayajua kama sisi tujuavyo majina ya Mitume, lakini kuyajua majina ya Mitume hakumfanyi mtu kuwa Mtume. Tulimwomba atupe mwezi mmoja tufikiri, na fikra hizo ndizo tunazowaletea.

Wazee wenzetu tuliowauliza walijibu upesi mno. Walisema hiyo ni anasa na majivuno. Mbona asinunue bajaji, alete hesabu kila jioni? Neno hilo lina haki yake, maana milioni saba si fedha ya kuchezea, na mkopo hulipwa hata kama gari halikuwaka. Lakini tukisema kwamba kila kisicholeta fedha ni anasa, itatubidi tuanze na sare za kwaya. Nani kati yetu wanaume hakuunda gari la waya lenye matairi ya kandambili? Hakuna aliyetulipa. Hata hivyo katika lile gari la waya wengi wetu tulijifunza kwa mara ya kwanza kwamba kitu huweza kuwa sawa akilini na kisiende sawa chini. Mtu kutaka kufanya kitu kwa mikono yake si dhambi, na sisi tuliokaa na vijana miaka mingi twajua kwamba aliyenyimwa kila jambo la kujaribu hatulii, bali hutafuta la kujaribu gizani.

Tena malalamiko haya si mapya. Katika miaka ya 1930 na 1940 vijana wa California walichukua magari makuukuu ya Ford, wakapenda hasa lile la mwaka 1932 lililotoka na injini ya silinda nane, wakayapunguza uzito na kwenda kushindana katika maziwa makavu ya jangwani. Wengine hawakwenda jangwani, walishindana barabarani usiku, na wenye miji wakawaona wahuni. Mwaka 1951 Wally Parks na wenzake waliunda chama cha kuwatoa barabarani na kuwapa njia zao zenye kanuni. Jambo lililotupendeza ni kwamba chama kile hakikuwaambia waache kuunda. Kilituma watu wazunguke miji mbalimbali wakifundisha vilabu namna ya kuendesha mashindano kwa usalama na kukagua magari kabla hayajaruhusiwa kukimbia, na mwaka 1955 wakafanya mashindano yao ya kwanza ya taifa huko Great Bend, Kansas. Kumbe tofauti ya mhuni na fundi ilikuwa kukubali kukaguliwa.

Na sisi Waafrika Mashariki tusijifanye hatujawahi kuwa wanaoanza. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa mbele ya watu, lakini halikufika kuundwa kwa wingi. Kwetu, shirika la Nyumbu kule Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1985 chini ya jeshi, liliunda malori. Wanachuo wa Makerere wakatoa gari lao la umeme, Kiira, mwaka 2011. Watu walicheka kila mara. Sisi hatucheki, maana wale walishindwa au kufaulu wakiwa na wakubwa wa kuwasahihisha na uwanja wa kujaribia.

Lipo na swali la kama gari la vipande vilivyokatwa na mwingine ni lake kweli. Hili halitusumbui. Mama anayesuka mkeka hakuotesha ukindu.

Swali linalotunyima usingizi ni jingine. Wazee wakitaka kumkatisha tamaa kijana humtajia Luka 14, yule mtu aliyeanza mnara bila kuhesabu gharama akachekwa na watu. Nasi tulimtajia. Baadaye, tukifungua kitabu chenyewe, tuliona tulilokuwa hatujalitia maanani kwa miaka mingi ya kukisoma: sura moja tu kabla ya hapo, katika Luka 13, kuna mnara mwingine, ule wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18. Bwana anasema wale hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Walikuwa chini yake tu. Wa kwanza ni hasara na aibu ya mjenzi. Wa pili ni hasara ya mtu ambaye hakuulizwa. Tulikuwa tukimhubiria kijana juu ya mnara wa kwanza, kumbe ulio wetu kuuangalia ni wa pili.

Hapa hatuna budi kuungama jambo. Tulipokuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, tulikwenda kila mwaka kukagua mazoezi ya kufundisha. Fikirini kidogo maana yake: twamchukua asiyejua kufundisha, twamweka mbele ya watoto wa watu ili ajue. Watoto hao hawakuombwa ruhusa. Kilicholifanya jambo hilo kuwa halali ni kwamba nyuma ya darasa huketi mtu mwenye daftari, na mtu huyo anayo mamlaka ya kusema: huyu bado.

Mwaka 1994 tuliketi nyuma ya darasa la mwanachuo mmoja, yatima mwenye wadogo zake wanne wa kusomesha. Alikuwa akifundisha kujumlisha sehemu. Akaandika ubaoni nusu na theluthi, akajumlisha ya juu na ya juu, ya chini na ya chini, akapata mbili ya tano. Watoto wakaandika. Jioni mkufunzi mwenzetu alisema arudie muhula mmoja. Sisi tukasema hali ya nyumbani kwao ni ngumu, atajifunza kazini, na tukampa alama ya kupita. Tulilala usiku ule tukijiona wakarimu. Miaka sita baadaye tulipita katika shule ya kijijini, tukampa mtoto wa darasa la sita hesabu ya nusu na theluthi. Alijibu bila kusita: mbili ya tano. Tulipouliza mwalimu wao ni nani, tulijua jina kabla halijatajwa. Ukarimu wetu ulikuwa wa mali ya watu wengine.

Sasa rudini kwenye ile karatasi ya mdhamini. Chama kinatuuliza kama mkopo utalipwa. Hakituulizi kama mihimili miwili ya chesisi itakuwa sambamba, wala kama vyuma vya kukingama vitashika. Ili tusiseme tusilolijua, tulikwenda kwa fundi tukamsumbua siku mbili. Alituonyesha kwamba chesisi hupimwa kama msingi wa nyumba: unavuta kamba kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe nyingine hadi nyingine, na vipimo viwili visipolingana gari litakwenda upande daima. Moto nao huvuta chuma kikipoa, kwa hiyo anayeunga upande mmoja mfululizo huipinda kazi yake bila kujua. Yafaa kushika kwa nukta ndogo ndogo, huku na huku. Kisha akatuonyesha vipande viwili vilivyoungwa. Mstari wa kimoja ulikuwa mzuri, umelala kama msuko wa nywele. Mstari wa pili ulikuwa mbaya. Akavibana, akavipiga nyundo, na ule mzuri ukaachia. Moto ulikuwa umepita juu haukuingia ndani. Tulifikiri juu ya yule mwanachuo, ambaye mwandiko wake wa ubaoni ulikuwa mzuri kupita wote.

Lakini jambo lililotutisha zaidi ni breki. Hotirodi ni kuongeza nguvu, na anayeanza huifikiria injini kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana na kusikika. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki zile zile huwa mara nne. Hiyo ni hesabu, haina huruma. Tena sisi hatuishi katika ziwa kavu la jangwani. Ukitoka hapa kwenda magharibi unateremka Mbalizi, ukienda Iringa na kuendelea kuelekea pwani unakutana na Kitonga, na katika miteremko hiyo malori yenye breki za kiwandani yamewahi kushindwa, na mazishi tumehudhuria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa njiani, lakini askari wa usalama barabarani hawezi kuona moto ulioishia juu ya chuma.

Mwezi ulipokwisha kijana alirudi, tukampa jibu letu. Kwamba aunde, na tutasaini, lakini kwanza aende kwa yule fundi miezi sita akachomelee mageti na nondo za madirisha, mahali ambapo kosa lake halitaua mtu. Kwamba vipande vya chesisi aungiwe na fundi, yeye akiwa mshika kamba. Kwamba fedha ya breki itengwe kabla ya fedha ya injini. Na kwamba gari lisiguse barabara kuu mpaka mkaguzi asiyemjua, asiyekula chai kwake, amelikagua na kulikubali.

Hakufurahi. "Basi litakuwa gari la fundi, babu, siyo langu," akasema. Tulimjibu kwamba litakuwa lake pale atakapoweza kueleza kila kiungo kwa nini kiko hapo, na kwamba hata sisi tulifundisha miaka mingi kwa maandalio ya masomo tuliyofundishwa na wengine kuyaandika. Jibu hilo, tunaona sasa, halikuwa zuri sana. Kijana wa miaka ishirini na mitatu hataki kusikia habari za maandalio ya masomo. Alikunja karatasi yake, kisha akaikunjua akaiacha mezani, akaondoka bila kumaliza chai. Mama wa nyumba hii alitulaumu, akasema tumemzimia mtoto taa. Huenda ni kweli. Kukataa nako kuna gharama yake, na sisi tuliokwisha kuishi hatupaswi kulipenda neno "bado" kwa sababu tu halitugharimu kitu.

Wiki tatu hatukumwona hata kanisani. Jumamosi iliyopita alibisha hodi, vidole vya mkono wa kushoto vimebabuka, macho mekundu ya mtu aliyetazama moto bila kioo (tulimgombeza kwa hilo). Alikuwa na kipande cha bapa mfukoni, kimevunjika kwenye kiungo. Hakutuamkia kwanza, jambo ambalo si desturi yake. Alikielekeza kwenye jua akatuonyesha ndani ya mvunjiko, mstari mwembamba mweusi ambapo moto haukufika. "Hiki ni cha tatu," akasema. "Vyote vimeachia."

Tulimtengea chai. Karatasi ya mdhamini ingali ndani ya droo. Jumamosi ijayo ataleta cha nne.